Biashara huria na umbali wa Chiapas

Makala kuhusu biashara huria na pengo la kiuchumi kati ya mikoa imeeleza vyema utafiti wa mwaka 2012 wa Andrés Rodríguez-Pose, mwanajiografia wa uchumi wa London School of Economics, ambaye kwa takwimu za nchi 28 alionyesha kwamba biashara ya nje hupanua pengo kati ya mikoa zaidi katika nchi za kipato cha chini na cha kati kuliko katika nchi tajiri. Ningependa kuongeza mfano wa Mexico, ambao mwandishi ameupitia kwa sentensi moja tu. Baada ya mkataba wa biashara huria na Marekani na Kanada kuanza kutumika Januari 1994, viwanda vilizidi kusongamana kaskazini: nyaya za magari zinazofungwa Ciudad Juárez, mji wa mpakani, huvuka daraja tu zikawa El Paso, Marekani, ilhali kahawa ya Chiapas, jimbo la kusini kabisa, hushuka kwanza milimani, na mpaka wa Marekani uko zaidi ya kilomita 1,000 mbele yake. (Wazapatista, waasi wa Chiapas, tukumbuke, walishika silaha siku ileile mkataba ulipoanza.) Kwa hiyo siafiki makala inaposema tatizo la kusini mwa Mexico ni elimu peke yake, umbali wa soko nao hukatwa kwenye bei anayolipwa mkulima.