Kilomita 27 Ndani ya Karura

Shangazi yangu huniita Baba. Nimerithi jina la babake, kwa hiyo tangu nikiwa kwenye nepi yeye hunipa heshima za mzee aliyemzaa na kunikaripia kama mtoto, yote kwa pumzi moja. "Baba, futa kamasi."

Alipokuja Nairobi mwezi wa nne alisema anataka kuuona msitu wa Karura kabla hajafa. Ana miaka 68 na afya ya punda, haraka hakukuwa nayo, lakini nikajitolea kumpeleka Jumamosi. Alifundisha historia hadi akastaafu, na ukipanda naye gari ujue umeingia darasani. Kabla hatujafika akawa ameshanisomesha jinsi wakubwa walivyojimegea msitu huo, na jinsi Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alivyoenda kupanda mti Januari 1999 akapasuliwa kichwa na wahuni.

"Ripoti ya polisi aliitia sahihi kwa damu yake mwenyewe," akasema, akinitazama kana kwamba rungu nilikuwa nalo mimi.

"Najua, Shangazi."

"Na huko ndani unapajua?"

"Karura? Hiyo ni sebule yangu."

Nilikuwa nimewahi kufika mara moja. Nilikula, nikalala chini ya mti, nikaamshwa twende nyumbani.

Langoni kuna ubao wenye ramani. Shangazi akausimamia mbele, akatoa miwani, akaanza kuusoma kutoka juu kushoto kama anayesahihisha mtihani. Nikamvuta mkono. Nikamwambia njia yetu ni ya mzunguko, unaanzia hapa na kurudi hapa hapa, hata kuku hawezi kupotea. Ukweli ni kwamba nilitaka tuondoke watu wasituone. Mimi nilivaa raba mpya, nyeupe pepepe. Yeye alikuja na gambuti zake za kukamia ng'ombe na mwavuli mkubwa.

Maporomoko tuliyafikia vizuri. Maji yanaanguka kama mita 15, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, mto ulikuwa unanguruma, rangi ya chai ya maziwa. Shangazi akateremka na gambuti zake taratibu. Mimi nikageuka nyuma kumpiga picha, nikiendelea kuteremka kinyumenyume. Udongo mwekundu wa Nairobi ukilowa haukupi onyo. Mguu wa kushoto ulitangulia, wa kulia ukaufuata kwa mshikamano wa kindugu, nikampita Shangazi nikiwa nimeketi, simu bado nimeiinua juu. Ile picha ninayo. Ni mawingu na nusu ya mwavuli.

Akanifikia, akaninyoshea mpini wa mwavuli, akanivuta. "Baba, umefika mapema."

Mapango yako karibu na hapo. Wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau walijificha humo wakati wa Hali ya Hatari ya wakoloni, na Shangazi alinyamaza mlangoni kwa muda, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia tena. Nami nikanyamaza. Ndipo kitu fulani kikapiga bawa gizani. Huenda alikuwa popo, huenda alikuwa kipepeo, sikusubiri tujulishane. Nilipoangalia nyuma nilikuwa mita 20 kutoka pangoni, naye Shangazi bado amesimama palepale.

"Watu waliishi humu wakiwindwa na bunduki," akasema. "Wewe hungemaliza chai."

Heshima yangu ilikuwa imebaki kidogo sana, nikaona niiokoe kwa kuongoza njia. Mbele kidogo tukakuta kibao chenye namba 14.

"Tumebakisha kilomita 14," nikatangaza.

Tukatembea dakika kumi. Kibao kingine: 11.

"Unaona? Tumekula kilomita tatu."

"Kwa dakika kumi? Na gambuti?" Akacheka. "Basi wakimbiaji wa Iten wananitafuta."

Nikasema ni kwa sababu ya mteremko. Tulikuwa tunapanda. Kibao kilichofuata kikasema 12, nikaeleza kwamba njia za msituni hujikunja. Tukapita penye tanuri kuukuu ambalo Benki Kuu iliwahi kutumia kuchoma noti chakavu, Shangazi akasimama kulikagua, kisha akanikagua mimi. "Ile elfu tano yangu nayo uliileta hapa?" Nikaharakisha mwendo. Kona iliyofuata, kibao: 27.

Hapo nilikosa maelezo. Kima mmoja alikuwa juu ya tawi akitutazama kama anayejua. Shangazi akafunga mwavuli.

"Baba. Pale ubaoni, kabla hujanivuta kama mbuzi, nilisoma kwamba msitu huu ni hekta 1,041. Hizo ni kilomita za mraba kumi na kidogo. Sasa hizo ishirini na saba tunazitembelea wapi? Hewani?"

Nikasema tuendelee tu. Baada ya nusu saa, raba zimegeuka rangi ya matofali, tukatokea mbele ya kibao nilichokifahamu. 14. Na pembeni yake, alama ya matope nilipokuwa nimeegemea mara ya kwanza.

Akapita mtoto wa kama miaka minane akiendesha baiskeli, babake na mamake wakimfuata kwa miguu. Alinisikia nikisema, "Si unaona, Shangazi, sasa zimepungua tena." Akafunga breki.

"Anko, hizo si kilomita. Ni namba za makutano. Ziko hata kwa ramani."

Shangazi akatafuta mti, akaushika, akacheka mpaka mwavuli ukaanguka. Kisha akamwomba mtoto atuonyeshe njia ya langoni. Wakatangulia wawili hao, mtoto akisukuma baiskeli, Shangazi akimsimulia habari za Wangari, wahuni na kichwa kilichopasuka. Mimi nikafuata nyuma, matope kuanzia kisogoni hadi visigino, nikichechemea.

Mtoto akageuka, akanitazama kwa huruma, akamnong'oneza Shangazi kwa sauti ambayo hata kima waliisikia: "Na yeye alipigwa na wahuni?"

"Huyu?" Shangazi hakugeuka hata. "Huyu alijipiga mwenyewe."