Karibu Kiti

Balaa lote hili lilianza kwa sababu ya kukaribishwa kiti.

Krismasi ile tulipanda Old Moshi kwa wazazi wa mke wangu, kama inavyofanya nusu ya Arusha kila Desemba. Baba mkwe, mwalimu mstaafu, ana redio gramu, ile redio ya zamani yenye mashine ya kupigia santuri, ya mbao, kubwa kama kabati la vyombo, na sahani zake za santuri huwa anazifuta vumbi mara moja kwa mwaka, sikukuu hiyohiyo. Nilipoingia sebuleni akanyanyuka, tukasalimiana, akaniambia, "Karibu kiti, mkwe wangu." Nikakaa.

Nikasikia "kwa!" Nikadhani ni kiuno changu, maana siku hizi nacho kina maneno yake. Kumbe chini ya kile kitambaa cha kufuma mzee alikuwa amelaza sahani moja, nusu juu ya mto wa kochi, nusu juu ya mbao ya kuegemeza mkono. Zikawa mbili.

Mzee alikuwa ameshanipa mgongo, anaelekea nje kuangalia mbuzi. Ile karatasi ya katikati ya sahani mende walikuwa wameshaila zamani, haisomeki hata herufi. Lakini pembeni palikuwa na bahasha yake, imeandikwa kwa mwandiko wa ubaoni: MBARAKA – MORO JAZZ.

Mbaraka Mwinshehe, mwimbaji na mpiga gitaa wa Morogoro Jazz! Ningeweza kuvunja sahani ya mtu yeyote mlima mzima, nikavunja ya Mbaraka. Mzee huyu akitaja Januari 1979, mwezi ambao Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa, huwa anashusha sauti kama anataja msiba wa ndugu.

Bahasha tupu nikairudisha katikati ya wenzake. Vipande vile viwili nikavichomeka mgongoni, ndani ya suruali, nikashusha shati. Mara nikaitwa nje nikashike miguu ya mbuzi. Ushawahi kushika mbuzi huku una nusu mbili za santuri mgongoni? Huinami. Unachuchumaa polepole kama unashushwa na winchi.

"Mkwe, leo umenyooka kama askari wa gwaride," mzee akasema.

"Heshima, baba."

Mke wangu aligundua usiku. Alicheka mpaka akatoka nje, aliporudi akasema neno moja tu: "Pasaka." Maana yake, kabla hatujarudi Pasaka, niwe nimepata nyingine.

Januari nikaanza msako mjini Arusha, kwa kujiamini kabisa. Mji wa watalii huu, nikajiambia, kukosa duka la santuri! Nikaanzia Stendi Ndogo, kwa chalii mmoja mwenye kompyuta, spika mbili na foleni ya wateja.

"Samahani, una santuri?"

"Ya nani hiyo? Imetoka lini?"

"Santuri siyo wimbo. Ni kile wimbo unachokaa ndani yake."

Akaniangalia kwa huruma. "Mzee, wimbo unakaa kwenye flashi. Unayo?"

Nikaona nimwelezee kwa mikono: kitu bapa, cheusi, cha duara, kina tundu katikati, kinazunguka. Uso ukamng'aa. Akanielekeza vizuri sana, nikatembea robo saa juani, nikatokea kwenye duka la spea. Muuzaji akaniuliza, "Ya Hiace au ya Noah?" Alikuwa ameniwekea klachi pleti mezani. Na kwa haki, ilikuwa bapa, nyeusi, ya duara, na tundu lake katikati.

Soko Kuu nikabadilisha maelezo kidogo, nikaondoa lile neno la kuzunguka. Mama mmoja akanitolea kikaango cha chapati. Nikamwuliza kama anacho chenye tundu. Akaniweka mkono begani, "Tundu la nini, baba? Chapati si zitaangukia kwenye mkaa!"

Walionisaidia ni wazee wa kahawa. Ukitaka kitu cha zamani, achana na maduka, nenda penye birika na kashata. Nilipotaja tu santuri, vikombe vitano vikasimama hewani. Wakaanza kubishana duka lilikuwa wapi, huyu anasema hapa, yule anasema pale, mwisho wakakubaliana kwamba lilikuwa palepale tulipokuwa tunatazama. Lilianza la santuri. Likawa la kurekodi kaseti. Likawa la CD, halafu la flashi. Sasa ni la kutoa na kuweka pesa kwa simu. Yule dada aliyekaa ndani ya dirisha akatuona tunamkodolea macho, akafunga droo ya hela kwa ufunguo.

"Nenda Kaloleni," mmoja akaniambia. "Kuna fundi redio, nyuma ya saluni. Ila usianze na bei."

Nilianza na bei. Nilikuwa nimechoka, nisameheni. Nikaingia kwenye kile chumba kilichojaa redio zilizofunguliwa matumbo, nikasema, "Shikamoo mzee, sahani ya Mbaraka ni shilingi ngapi?"

"Marahaba," akajibu, akaendelea na solda yake. Dakika kumi nzima. Kisha bila kuniangalia: "Unamjua Mbaraka?"

"Sana!"

Akatoa sahani kwenye bahasha, akaiweka kwenye mashine. Ilikuwa moja ya zile ndogo za mizunguko 45, zenye tundu kubwa la kuingia kidole gumba na jirani yake. Mashine yake ilikuwa na mti mwembamba, kwa hiyo katikati alikuwa amepachika kiduara alichokichonga kwenye soli ya kandambili ya bluu. Sindano ikashuka, gitaa likaanza kulia tamu. Nikafumba macho, nikatikisa kichwa kama mjuzi.

"Ee bwana, Mbaraka huyo!"

"Huyo anaimba Kilingala," fundi akasema. "Njoo wiki ijayo."

Wiki iliyofuata nilikuja na sukari kilo mbili. Akaniwekea nyingine. Safari hii nikanyamaza mpaka mwisho, nikasema kwa unyenyekevu kwamba sijui, ila hao waimbaji wanafanana sauti kama ndugu. Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza. Walikuwa ndugu kweli, Wilson na George Kinyonga, vijana wa Tanga. Kabla hawajaenda Nairobi kuwa Simba Wanyika, walipita hapahapa mjini wakapiga muziki kwa jina la Arusha Jazz. "Wewe umekulia mji huu," akaniambia, "na unakuja kuniuliza bei."

Akanipa kitambaa nimsaidie kufuta. Nilifuta sahani mpaka jua likazama. Zilikuwa kwenye makasha ya soda, chini ya kitanda, nyuma ya pazia, nyingine zimesimama wima kwenye ndoo ya rangi. Na huku nafuta, ndipo nikaelewa kwa nini nilizunguka mji mzima nikaambulia kikaango. Nchi yetu wanamuziki ilikuwa nao tele, kiwanda cha kukandamiza sahani ndicho hakikuwepo. Bendi zilipiga huku, sahani zikatoka Nairobi. Basi 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa mpaka 1983. Miaka yote hiyo, fundi akasema, sahani ya Mtanzania aliyezaliwa Morogoro ikawa inapita Namanga kwa magendo. Yeye mwenyewe aliwahi kupitisha thelathini ndani ya godoro. Usiku ule alilala chini ili zisivunjike. Nikahisi vile vipande viwili vinanichoma mgongo, ingawa vilikuwa nyumbani kabatini.

"Wewe yako ilivunjikaje?" akauliza.

"Iliangukiwa na kitu."

"Kizito?"

"Kilo themanini na nne."

Mara ya tatu akanipa Mbaraka, na Morogoro Jazz yake, bila hata mkwaruzo wa kutisha. Elfu thelathini, pamoja na kiduara kimoja cha kandambili kama zawadi, na onyo nililolisikia kwa sikio moja: "Usiiweke penye joto."

Siku ya safari nilipanda Coaster ya saa tano. Nimeibeba ile sahani kwenye mfuko, kifuani, kama mtoto wa siku saba. Gari likajaa. Kondakta akaona ninavyobanwa, akanionea huruma, "Mzee, hiyo yako itavunjika hapo. Lete niiweke mbele, utaiona mwenyewe." Akailaza juu ya dashibodi, chini ya kioo.

Nataka mjue kwamba sikuipuuza. Kutoka Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80, na kilomita zote hizo sikuiondolea macho ile sahani. Tengeru naiangalia. Usa River naiangalia. Abiria akitaka kuweka kikapu karibu nayo, napiga kelele. Boma Ng'ombe, jua la saa saba limesimama juu ya kioo, dereva mwenyewe kafunika mikono na taulo, mimi bado naiangalia, moyo umetulia, nasema hakuna atakayeigusa. Nililinda kwa macho yangu mawili kitu kinachoiva.

Stendi ya Moshi nikafungua mfuko. Ilikuwa imekuwa kisosi. Kisosi kizuri kabisa, kingo zimepanda pande zote sawasawa, unaweza kuandalia karanga wageni sita. Mke wangu akakaa juu ya begi, akafunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nikampigia fundi simu.

Kimya kirefu. Halafu, "Iko dashibodi?"

"Ilikuwa."

"Tafuta vioo viwili vya dirisha. Ilaze katikati, uanike juani, ikilainika weka uzito, halafu ipeleke kivulini ipoe yenyewe. Usifungue kuchungulia. Nimekwambia usichungulie."

Hivyo ndivyo Jumamosi ya kuamkia Pasaka ilivyonikuta Mbuyuni kwa fundi vioo, nimelipa elfu tano ya kukodi vioo viwili na ndoo ya misumari, nikiulizwa na kila anayepita kama nauza au nafanya dawa. Kwa muda wa saa mbili na nusu sikuchungulia. Ilipotoka ilikuwa na wimbi dogo tu upande mmoja.

Tulifika Old Moshi jioni. Mzee akaenda kuwapa ng'ombe majani ya migomba, nikabaki sebuleni peke yangu. Kwanza nikapapasa kochi. Halafu nikaitafuta ile bahasha, nikaitumbukiza sahani pamoja na kandambili yake, nikakaa mkao wa mtu asiye na deni duniani.

Pasaka yenyewe, baada ya ibada, nyumba ikajaa. Mwinjilisti naye akaja. Tukala, tukashushia, watoto wakatulizwa. Mzee akasimama mbele ya redio gramu, akakohoa kama anaingia darasani.

"Leo nataka wajukuu wasikie kitu," akasema, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye ile bahasha. Moyo wangu ukapiga makofi. "Hapa pameandikwa Mbaraka, msidanganyike. Mbaraka wangu niliazimwa na mtu, hakurudisha mpaka kesho. Bahasha ikabaki tupu, nikaona nihifadhie humu hii nyingine. Hii, wajukuu zangu, ni kwaya ya usharika wetu, walipokwenda kurekodi. Na bibi yenu yumo. Sauti ya pili."

Mama mkwe alikuwa ameshavua aproni. Alikuwa amesimama mlangoni, anajifunga kanga vizuri, anatabasamu chini chini kama binti. Mwinjilisti akainamisha kichwa na kufumba macho.

Nilimtafuta mke wangu kwa macho. Alikuwa anatazama dari.

Sindano ikashuka. Ikapanda wimbi, ikashuka wimbi. Halafu likaja gitaa la solo, na ngoma nyuma yake, na sauti ya mwanaume inayolalamikia mapenzi kwa uchungu mkubwa.

Mwinjilisti alifumbua jicho moja. Mjukuu mdogo akauliza, "Bibi, ndiyo wewe huyo?"

Mzee aliganda, kidole bado hewani. Akasogeza sikio. Nikaona bega moja linacheza. La pili likafuata. "Huyu..." akasema. "Huyu amerudi vipi?"

"Kwaya yangu iko wapi?" mama mkwe akauliza.

"Mama, subiri kidogo, huyu amalize," mzee akasema, na miguu yake ilikuwa imeshaondoka sakafuni. Alicheza upande wa kwanza wote. Akageuza, akacheza na wa pili. Mama mkwe hakucheza. Alipita mbele ya makochi polepole, akinyanyua vitambaa vya kufuma kimoja baada ya kingine na kuangalia chini yake, mpaka akafika kwangu. Akasimama.

"Baba," akaniambia kwa upole mno, "hebu nyanyuka kidogo."

Jumanne nilikuwa Kaloleni kabla saluni haijafunguliwa, na sukari kilo tano. Fundi akaipokea, akaiweka juu ya kasha la soda, akanisogezea kigoda. Nikakipapasa kwanza.

"Haya," akasema. "Safari hii unamtafuta nani?"

"Mama mkwe wangu," nikasema. "Sauti ya pili."

Akaizima solda.