Pete Postlethwaite hakuwa akiuza sura

Katika Inception (2010), filamu ya dakika 148, mwigizaji wa Uingereza Pete Postlethwaite anaonekana kwa dakika chache mno, na karibu muda wote huo yuko kitandani. Ni Maurice Fischer, tajiri wa nishati anayekata roho. Hata hivyo mpango mzima wa akina Cobb, kundi linaloingia katika ndoto za watu, umeegemea kitanda hicho. Wanataka mwanawe, Robert, aivunje kampuni ya baba kwa hiari yake, na wazo hilo haliwezi kupandwa kichwani mwake kwa vitisho wala kwa hesabu za fedha. Ni lazima lipitie kwa baba. Ndani ya ndoto, katika ngome iliyozungukwa na theluji, mzee anamwambia kijana kwamba kilichomvunja moyo ni kumwona akijaribu kuwa kama yeye. Robert anafungua sefu, anakuta wosia na kititia cha karatasi, machozi yanamtoka. Kazi imekwisha.

Tukio kama hilo huharibika kwa urahisi. Mwigizaji mwenye dakika mbili tu hutamani akumbukwe, kwa hiyo huongeza kikohozi, hugeuza macho, huburuta kila neno. Mtazamaji akishaona uigizaji, machozi ya Robert hayana pa kuegemea, na hadithi yote ya ndoto ndani ya ndoto inabaki fumbo la werevu lisilo na uchungu. Postlethwaite alifanya kinyume. Maneno yanatoka kwa vipande, kila kipande kimebebwa na pumzi ndogo, naye haombi huruma ya mtu.

Hoja dhidi yake inajulikana na si ya kipuuzi. Steven Spielberg aliwahi kumwita mwigizaji bora kuliko wote duniani. Mwaka 1994 alikuwa miongoni mwa waliowania Oscar ya mwigizaji msaidizi. Basi kwa nini baada ya hapo akaonekana katika Æon Flux, The Omen ya 2006 na Clash of the Titans? Wanaouliza hivyo wanasema alikuwa na kipaji cha kubeba filamu lakini akaridhika kukodishwa kama sura: lile paji, yale mashavu yaliyochongoka, ule mdomo unaoonekana umeshapata habari mbaya. Mwongozaji akitaka uzito wa haraka, anamwita Postlethwaite apite. Kwa lugha ya mtaani, alikuwa akiuza sura.

Kabla ya kuikubali hoja hiyo, tazama miaka miwili tu, 1996 na 1997. Katika Brassed Off ni kiongozi wa bendi ya wachimba makaa ya mawe huko Yorkshire. Katika Romeo + Juliet ya Baz Luhrmann ni kasisi mwenye msalaba mkubwa uliochorwa mgongoni. Katika Dragonheart ni mtawa mshairi anayegundua kwamba ana shabaha kali ya upinde. Katika The Lost World: Jurassic Park ni mwindaji Roland Tembo, na katika Amistad ni mwendesha mashtaka wa Marekani ya karne ya 19. Filamu tano, na katika zote uso ni uleule. Hakuna pua ya bandia wala kilo alizoongeza ili magazeti yaandike. Stelingi hupewa filamu nzima ili tumzoee. Huyu alitakiwa aeleweke tangu anapoingia, mara tano mfululizo, kwa lafudhi na tabaka tofauti.

Roland Tembo anastahili kutazamwa kwa karibu. Filamu ilikuwa na tukio la kumtambulisha, ndani ya baa ya Mombasa, ambako anamkomesha mtalii anayemsumbua mhudumu. Tukio hilo lilikatwa kwenye toleo la sinema. Maana yake ni kwamba mtazamaji anamkuta Roland akiwa tayari kazini, bila historia yoyote. Mhusika aliyekatiwa utambulisho kwa kawaida hugeuka kuwa sare na bunduki tu. Huyu hakugeuka. Anasimama bila kutapatapa wakati wengine wanakimbizana, na hapandishi sauti anapotoa amri. Ujira anaoutaka ni ruhusa ya kumwinda dume la dinosaria aina ya tyrannosaurus tu. Mwishoni, rafiki yake Ajay amekufa, na akipewa kazi mpya anakataa kwa sababu amekaa na mauti vya kutosha. Kukataa huko kunaaminika kwa sababu muda wote mwili wake ulikuwa wa mtu aliyeyaona mengi kabla ya kamera kuwashwa.

Alitofautianaje, basi, bila kubadilisha uso? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye pumzi. Ana wagonjwa wawili wa kifua ambao wanapaswa kutazamwa kwa kufuatana. Wa kwanza ni Giuseppe Conlon wa In the Name of the Father (1993), baba wa Belfast aliyemfuata mwanawe Uingereza ili amtetee, akaishia kufungwa kwa kosa asilolitenda. Giuseppe halisi alikufa akiwa bado mfungwa, Januari 1980. Filamu inawaweka baba na mwana katika seli moja, jambo ambalo halikuwa hivyo, na wakosoaji waliokerwa na uhuru huo walikuwa na haki yao. Lakini uongo huo wa hadithi uliweka mzigo wote juu ya Postlethwaite. Mbele yake alikuwa Daniel Day-Lewis, aliyeigiza mwana, ambaye mhusika wake anapiga kelele, anatukana, anarukaruka. Ukijibu kelele kwa kelele, seli inakuwa uwanja wa mashindano. Giuseppe anavuta pumzi kama mtu asiyetaka kumsumbua jirani. Anakohoa akiwa amegeuka. Kadiri mwana anavyopaza sauti, ndivyo baba anavyopunguza, mpaka inakuwa lazima kijana anyamaze ili asikie. Ndiyo maana wafungwa wanapotupa karatasi zinazowaka madirishani kumlilia, tunajua wanamlilia nani.

Wa pili ni Danny wa Brassed Off. Kifua chake kimejaa vumbi la makaa ya mawe, mgodi unafungwa, naye anataka bendi ifike fainali ya mashindano ya bendi, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Pumzi yake ni fupi pia, lakini ni ya hasira. Anaitumia yote, anamaliza sentensi hata kama itamgharimu. Kuna jambo la kiufundi hapa. Muziki uliosikika ulipigwa na Grimethorpe Colliery Band, bendi ya kweli ya wachimba migodi. Mwigizaji anayeigiza kuongoza bendi mara nyingi huufuata muziki badala ya kuutangulia, mkono unashuka sekunde moja baada ya mdundo, na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kwaya anamgundua mara moja. Mkono wa Danny unatoa amri. Kisha, baada ya ushindi, anakataa kombe jukwaani na kusema kwamba watu ni muhimu kuliko muziki, yeye ambaye filamu nzima hakuwa na lingine ila muziki. Kikundi cha muziki cha Chumbawamba kilichukua maneno yake hayo na kuyaweka mwanzoni mwa wimbo wao Tubthumping katika albamu yao ya 1997.

Wale wanaosema wahusika wake ni wamoja wanapaswa pia kumtazama baba wa Distant Voices, Still Lives (1988) ya Terence Davies, na hapo ndipo hoja yao inapodhoofika zaidi. Usiku wa kuamkia Krismasi anawatundikia watoto zawadi vitandani kwa upole mtupu. Kisha mezani anavuta kitambaa, vyombo vyote vinavunjika, na anaamuru pasafishwe. Mwigizaji dhaifu angetafuta daraja kati ya nyakati hizo mbili, angetuonyesha dalili ya hasira inayokuja. Yeye haoneshi dalili yoyote. Mtoto wa nyumba ile hapewi tahadhari, nasi hatupewi.

Kuhusu filamu dhaifu, wakosoaji wana haki. Katika Æon Flux hana cha kushika, na hakuna pumzi inayoweza kuokoa mhusika asiye na haja yoyote ndani ya hadithi. Nafasi ndogo iliyoandikwa vizuri na nafasi ndogo iliyoachwa tupu hulingana kwenye karatasi ya mkataba tu. Lakini mwaka huohuo wa 2005 alikuwa katika The Constant Gardener ya Fernando Meirelles, iliyopigwa Kenya, akiwa Lorbeer, daktari aliyehusika na dawa ya kifua kikuu iliyojaribiwa kwa maskini. Anakuja filamu ikielekea ukingoni, akiwa amejificha kwenye kazi ya misaada Sudan, na anatakiwa awe mkosaji na mwenye kutubu kwa wakati mmoja. Ukimfanya mwovu mtupu, kampuni za dawa zinapata wa kumsingizia. Ukimfanya mtakatifu, waliokufa wanasahaulika. Yeye anaviacha vyote viwili vibaki.

Doa halisi katika kazi yake ni Kobayashi wa The Usual Suspects (1995), Mwingereza mwenye jina la Kijapani, lafudhi inayoelekea Bara Hindi na ngozi inayoonekana kukolezwa rangi. Utetezi wa kawaida ni kwamba mhusika huyo ametungwa na msimuliaji muongo, ambaye jina alilitoa kwenye kikombe cha kahawa, hivyo kutolingana kwake ni dalili ya uongo. Kwa lafudhi utetezi huo unatosha, maana lafudhi isiyo na kwao ndiyo fununu yenyewe. Kwa ngozi hautoshi. Fununu ingefanya kazi vilevile bila rangi, na nafasi hiyo angeweza kupewa mwigizaji mwenye asili ya Asia, ambao Hollywood ya wakati ule iliwapa kidogo sana. Tena rangi hiyo ni kinyume cha kila kitu alichokifanya vizuri mahali pengine.

The Town (2010) aliifanya akiwa mgonjwa wa saratani. Ni Fergie, muuza maua wa Charlestown, mtaa wa Boston, anayeendesha majambazi. Anakwangua miiba ya waridi kwa kisu huku akimweleza mhusika wa Ben Affleck jinsi alivyomwangamiza mama wa kijana huyo, na mkono hauongezi kasi hata maneno yanapofika pabaya. Alifariki tarehe 2 Januari 2011. Wiki chache baadaye BAFTA, watoaji wa tuzo za filamu za Uingereza, walimtaja miongoni mwa wawaniaji wa mwigizaji msaidizi bora, tuzo aliyoichukua Geoffrey Rush kwa The King's Speech. Fergie ana matukio machache tu katika filamu hiyo.