Joto la kuganda pekee halitoshi

Tangazo la polima ya mafuta ghafi yenye nta, yaani kemikali ya minyororo mirefu inayotiwa ili mafuta yasigande bombani, huwa halikosi namba ileile: joto la kuganda limeshuka kwa nyuzi kadhaa. Namba hiyo si uongo. Ila anayenunua kwa kuitegemea hiyo tu anajitafutia bomba lililokwama.

Hupatikanaje? Mafuta hutiwa kwenye chupa na kupozwa, na kila yakishuka nyuzi 3 chupa huinamishwa ionekane kama yanasogea. Ikilazwa sekunde 5 yasisogee, kipimo kimekwisha. Lakini fikiria bomba la chini ya bahari, maji ya nje nyuzi 4 hivi, pampu zimezimwa tangu jana. Mafuta yametulia humo, hakuna kinachoyakoroga, na fuwele za nta zinashikana hadi zinafanya wavu unaonasa kila kitu. Asilimia 2 tu ya nta ikishaganda yaweza kugeuza mafuta yote kuwa rojo gumu. Mwenye bomba anataka kujua pampu itahitaji shinikizo gani kuuvunja wavu huo siku ya kuwasha tena. Hilo chupa haimwambii.

Polima zenyewe nazipenda, na nasema hivyo bila kusita. Ethilini-vinili-asetati, au zile za akrilati zenye umbo la kitana, haziondoi nta hata chembe. Sehemu ya mnyororo wake hufanana na nta, ikaganda pamoja nayo. Sehemu nyingine haifanani, ikazuia fuwele kutanuka na kushikana. Na kazi yote hiyo hufanywa na sehemu mia chache tu kwa milioni! Lakini minyororo ya pembeni isipolingana kwa urefu na nta ya kisima husika, fedha imepotea. Iliyofaa hapa yaweza kushindwa kisima cha jirani.

Tena kuna suala la joto. Polima itiwe mafuta yangali moto, kabla fuwele ya kwanza haijatokea. Na mafuta yaliyokwisha kutibiwa yakija kupashwa nusunusu, nta ikayeyuka kiasi tu, huweza kuganda mapema kuliko mwanzo.

Kwa hiyo muuzaji akija, namba yake ya chupa naipokea, kisha namwomba kipimo cha nguvu ya kuvunja rojo: kwa mafuta ya bomba lenyewe, yaliyopozwa kwa kasi ya bomba hilo na kuachwa yatulie muda uleule ambao pampu huweza kuzimwa.