Tuache Kununua Viwambo kwa Namba ya Boksi

Muuza bunduki mmoja hapa Texas amenikera juzi, na hasira haijaniisha. Namuulizia kiwambo cha kuzuia sauti cha kuwindia kulungu, yeye ananisukumia boksi, anagonga kidole kwenye namba ya desibeli, yaani kipimo cha ukali wa sauti: "Hiki ndicho kimya kuliko vyote." Basi. Hata kuniuliza mtutu wangu una urefu gani, au kama nawinda kibandani au kwa miguu, hakuona haja.

Kimya! Bunduki ya risasi za .308 inalia desibeli 160 na ushee. Kiwambo kizuri kinapunguza 25, labda 30. Masikio yanapona kidogo, ila jirani atasikia tu. Na risasi inayopita mwendo wa sauti, kama mita 340 kwa sekunde, inapasua hewa njia nzima. Huko kiwambo hakifiki. Ule mlio wa "fyuu" tuwaachie watu wa sinema.

Linalonichoma hasa ni hiyo namba. Imepimwa wapi? Kipima sauti kikikaa mita moja kando ya mdomo wa mtutu unapata namba moja, kikikaa sikioni kwa mpigaji unapata nyingine. Mtutu mfupi hulia zaidi kuliko mrefu. Halafu kuna risasi ya kwanza. Kiwambo kilichokaa bila kupigwa kina hewa ndani, kwa hiyo gesi ya baruti ambayo haijaungua yote inakuta oksijeni na kuwaka humo humo. Ndiyo maana ya kwanza hulia zaidi. Zinazofuata zinakuta oksijeni imekwisha, zinatulia. Sasa piga kadhaa, chukua wastani, chapa kwenye boksi. Kwa mtu wa kulenga makopo, sawa. Mwindaji wa kulungu anapiga ngapi? Moja, ndugu yangu! Unauziwa utulivu wa risasi ambazo hutazipiga.

Anza na urefu na uzito. Funga kiwambo cha sentimita 20 mbele ya mtutu wa inchi 24, kisha upite vichaka vya mesquite, uone kama kuna tawi litakalokuacha. Nusu kilo ya chuma pale mbele nayo utaijua ukilenga umesimama, mkono unatetemeka na kulungu hakusubiri. Kiwambo kifupi cha titani, metali nyepesi, kinatosha. Haya, anayekesha akimiminia nguruwe pori risasi mfululizo achukue chuma kizito, simbishii, maana titani haipendi joto la namna hiyo.

Kodi ya Marekani ya dola 200 kwa kila kiwambo, iliyokuwapo tangu 1934, imeshuka hadi sifuri Januari 2026, ingawa fomu na alama za vidole zimebaki. Hiyo fedha mpe fundi anayejua kukereza. Nyuzi za mdomo wa mtutu, zile za kukazia kiwambo, zikienda mshazari, risasi itagonga kuta za ndani za kiwambo, kwa hiyo kabla ya kupiga pitisha fimbo ya kupimia ndani ya mtutu. Ukishafunga, rekebisha shabaha upya, kwa sababu risasi haitapiga pale ilipozoea.