Jamani hivi hizi pampas ni za nani?

Mimi nakaa Kigogo, hapa Dar, upande wa bondeni, yaani ule upande ambao dalali anakuleta kuona chumba kiangazi tu. Wingu likitanda huko Pugu mimi huku naanza kupandisha vitu juu ya kabati na wala tone halijadondoka, maana mto Msimbazi unaanzia huko milima ya Pugu na Kisarawe, unashuka Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata, na kila unapopita watu wanautwisha. Ukifika kwetu una mizigo kama mtu katoka kwao Krismasi.

Na msiniambie eti mipango ya Mungu. Mvua ikianza tu kupiga bati unasikia milango inafunguliwa, unafikiri watu wanatoka kuanua nguo kumbe kila mtu na kiroba chake cha taka, kakitunza wiki nzima anasubiri siku hii, tupa mtaroni, maji yanabeba, kazi imeisha. Mwingine ndo anatapisha choo. Anangoja usiku maji yapande, anatoboa kule nyuma kinajimwagia chenyewe, hela ya gari la majitaka kaokoa, asubuhi anakuita kwa furaha shikamoo mzee, na wewe umesimama kwenye maji yake. Marahaba mwanangu.

Sasa kinachonimaliza ni pampas. Mwanangu wa mwisho yuko darasa la sita, kwangu havai mtu pampas, lakini mvua ikikatika tu nazikuta mlangoni zimekunywa maji mpaka hazibebeki kwa mkono mmoja. Mama Rehema akaziangalia, akaniangalia.

"Baba Rehema, hizi za nani?"

"Nitajuaje mimi, zimetoka Tabata huko."

"Tabata kuna nani?"

Haya. Mto umenigombanisha na mke.

Na hela ya taka tunalipa! Yule dada wa hela ya taka hakosei tarehe, iwe mvua iwe jua anabisha hodi na mashine yake ya risiti, ila gari ndo sijui linapitia wapi. Likija linakuja wote tuko kazini, tena limeshajaa, maji meusi yanachuruzika barabarani mpaka dampo la Pugu Kinyamwezi, bodaboda nyuma wamejiziba na kola za mashati. Nikiwaza sana naona taka tunazipeleka Pugu kwa hela, halafu mto unatuletea zingine toka hukohuko bure.

Mifuko ya rambo walipiga marufuku Juni 2019, na ilipungua kweli, siwezi kusema uongo, kabla ya hapo kila mti wa mtaani ulikuwa umevaa rambo. Faini ya kukutwa nao inaanzia elfu 30. Sasa nenda gengeni kanunue nyanya uone, unawekewa kwenye kile kinailoni cheupe kisicho na mshikio, ukiuliza unaambiwa hiki sio mfuko bosi, hiki kifungashio. Kumbe bahari tatizo lake lilikuwa mshikio! NEMC, wale wa baraza la mazingira, wakaja kukataza 2021 visitumike kubebea, muuza genge wangu hiyo taarifa haijamfikia, na samaki wa baharini pale Salenda sijui nao walielezwa tofauti. Nenda kaangalie mikoko pale mto unapoingilia baharini, ina chupa, ina kandambili za mguu mmoja mmoja, halafu watu wako juu wanapiga picha kwenye daraja la Tanzanite wanasema upepo mzuri. Upepo wa choo cha jirani yangu huo.

Anayesafisha jiji hili ni waokota chupa tu, kwa sababu chupa inapimwa kilo inalipwa. Siku akitokea mtu wa kununua pampas kwa kilo mimi na Mama Rehema tunajenga ghorofa.

Basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi si siku ya usafi, maduka yamefungwa, tukatoka na machepe tukazibua mtaro mzima, tope tukalirundika pembeni, watu wakapiga picha wakasambaa. Nikamuuliza mwenyekiti wa mtaa, gari la kubeba hili tope linakuja lini? Akasema liko njiani. Juzi mvua imepiga, tope lote limerudi mtaroni kwa miguu yake. Nimempigia mwenyekiti, anasema gari liko njiani.