Kitambulisho kabla ya godoro

Makala niliyosoma inasifu makao ya watoto yanayowapa vijana godoro, jiko na kodi ya miezi michache wanapoondoka wakitimiza miaka 18. Jambo jema, lakini hapa Kenya kinachowakwamisha wengi ni kitambulisho. Usajili unadai cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho cha mzazi. Aliyeletwa makao akiwa mchanga atavitoa wapi? Bila kitambulisho hana laini ya simu kwa jina lake, hana M-Pesa, na kazi ya maana haipati. Mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi ya watoto, wa 2022 hadi 2032, unataka watoto watoke makao warudi kwenye familia, nami naunga mkono, ila hawa waliokwisha kuwa watu wazima wasiachwe langoni. Wasimamizi, tafadhali fuatilieni vyeti mtoto akiwa bado shule ya msingi.